Kitambaa kirefu, uzi mwembamba: msimu wa NBA niliolipia kwa pesa ya vitenge

Nauza vitenge katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mteja anayejua kununua haanzi na rangi. Hushika ukingo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakunjua kitambaa hadi katikati maana anajua muuzaji mjanja huweka uzuri kwenye yadi za juu, halafu akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Bei anaiuliza mwisho. Hivyo ndivyo nitakavyoupima msimu wa 2024–25 wa NBA, ligi ya baskete ya Marekani, kwa sababu niliununua kwa pesa yangu, League Pass ya mwaka mzima, huduma ya ligi ya kutazama michezo mtandaoni, na niliutazama tangu Oktoba, tukingoja mvua ya kwanza, hadi Juni, baridi ya Katanga ilipotuweka ndani ya mablanketi mbele ya skrini.

Kabla mtu hajauliza mama wa sokoni anatafuta nini kwenye baskete ya Wamarekani: shuleni nilikuwa mgawaji wa mpira, mfupi kuliko wote, mwenye mdomo kuliko wote. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 17, na gazeti lililokunjwa mara nne lilitufikia likiwa na picha ya Dikembe Mutombo amelala chali uwanjani, ameushika mpira kwa mikono miwili juu ya uso, mdomo wazi kwa furaha. Denver, timu yake, walioingia mtoano wa nane, walikuwa wamewatoa Seattle walioingia wa kwanza, tatu kwa mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea hata mara moja. Mtoto wa Kinshasa! Kisha akaja Bismack Biyombo, wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2016, akiwa na Toronto, aliokota ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Kelele tulizopiga usiku ule, jirani alikuja na tochi akidhani tumefiwa.

Tunatazama watu wanne. Mimi, mtoto wangu wa pili, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye ndiye mkuu wa simu na mahesabu, Papa Fundi wa nyumba ya pili, mtengeneza redio, mwenye dishi na betri kubwa ya kuokoa usiku umeme ukikatika, na mama yangu, ambaye watoto wanamwita kambo, yaani bibi. Kambo hajui sheria hata moja ya mchezo huu. Lakini watu anawajua, na utaona mbele kwamba hilo linatosha.

Huduma yenyewe sina mengi ya kuisema. Picha ni safi mtandao ukiruhusu. Unaweza kuficha matokeo, ukatazama mchezo asubuhi bila kujua nani alishinda, na kwetu hilo ni kubwa kwa sababu ya saa. Mchezo wa saa moja jioni kule New York, katika miezi ya baridi yao, ni saa nane za usiku hapa, yaani 2h00 kwa wanaohesabu kizungu. Wa Los Angeles unaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati mimi nafunga mizigo ya sokoni. Michezo ya mchana wa Jumapili ndiyo inayotufaa: kule wametoka kanisani, hapa tumemaliza bukari, ugali wetu. Mwaka wa kwanza nilinunua kwa kijana mmoja wa simu aliyeniapia kwamba akaunti ni yangu peke yangu. Kumbe tulikuwa kama kumi ndani ya chumba kimoja, mmoja akiingia mwingine anasukumwa nje, mpaka siku moja sote tukajikuta barazani. Msimu huu nililipia mwenyewe, kwa kadi ya mdogo wangu. Hakukuwa na shida.

Ila kuna kitufe kimoja ndani ya huduma hiyo kilichonifikirisha msimu mzima. Ni kile cha mchezo uliofupishwa: hakuna mapumziko, hakuna matangazo, hakuna mtu anayejifuta jasho kabla ya kutupa mpira wa adhabu. Kufikia Januari nilikuwa natazama huo tu. Na siku moja, nikipima yadi za mteja, nikajiuliza: muuzaji anayekuuzia kitambaa pamoja na mkasi wa kukipunguza anakuambia nini kuhusu kitambaa chake?

Hapo ndipo neno langu lilipo, na mengine yote nitakayosema yanatoka kwenye shina hilo. Msimu ni mrefu mno. Michezo 82 kwa kila timu, hesabu iliyowekwa tangu msimu wa 1967–68, timu zikiwa 12 tu. Leo timu ni 30. Jumla inafika michezo 1,230 kabla mchujo, yaani mtoano wa kutafuta bingwa, haujaanza, na kazi ya michezo hiyo yote ni kuziondoa timu 10 tu, maana 20 zinabaki na tiketi ya mchujo au ya ule mchujo mdogo wa kutafuta nafasi. Miezi sita ya kukesha ili kuondoa theluthi moja! Hata mchele hatuupepeti hivyo.

Urefu ukizidi, uzi unapungua. Nina usiku mmoja ambao sijausahau, ingawa ni wa msimu mwingine, wa kuamkia tarehe 8 Aprili 2023. Nilikuwa nimechemsha chai ya tangawizi, nimemwamsha mtoto, tumekwenda kwa Papa Fundi tukiwa na viatu mkononi tusiwaamshe wengine. Dallas wanacheza na Chicago. Dallas walikuwa bado na nafasi ya kuingia ule mchujo mdogo. Imebaki michezo miwili. Kyrie Irving hayumo. Wengine kadhaa hawamo. Luka Dončić akacheza robo ya kwanza, mwanzo wa robo ya pili akatolewa, basi. Dallas wakapoteza kwa pointi tatu, 115 kwa 112. Mtoto akatufafanulia kwa upole kama daktari anayetoa habari mbaya: chaguo lao la vijana wa mwaka ule, yaani zamu yao ya kuchukua mchezaji chipukizi, lilikuwa limeahidiwa New York, isipokuwa likiangukia ndani ya kumi za kwanza. Wakishinda, wanalipoteza. Wakipoteza, linabaki nyumbani.

Kambo alikuwa amejifunga kitenge hadi kidevuni, macho kwenye skrini.

“Mwana wangu, bale beko banatafuta kupigwa?”

“Ndiyo, mama.”

“Na banabalipa?”

Wanalipwa, kambo. Ligi iliwatoza Dallas faini ya dola 750,000. Chaguo likabaki kwao, la kumi, kama walivyotaka. Mimi mfanyabiashara nikiambiwa nilipe faini na nibaki na bidhaa, hiyo siiiti faini, naiita ushuru. Na si mara ya kwanza. Mwaka 2012 San Antonio waliwarudisha nyumbani kwa ndege Tim Duncan, Tony Parker, Manu Ginóbili na Danny Green kabla ya mchezo wa Miami, mchezo uliokuwa umetangazwa nchi nzima, wakatozwa 250,000. Machi 2025 Utah wakatozwa 100,000 kwa sababu ya Lauri Markkanen aliyewekwa benchi. Tangu 2023 kuna sheria ya ushiriki wa nyota, na nyingine inayosema mchezaji asiyefikisha michezo 65 hapati tuzo kubwa. Askari wanaongezwa sokoni. Chanzo cha wizi kimeachwa.

Maana ukimuuliza kocha, atakujibu kwa haki kabisa: mwili una kiasi. Hesabu ya msimu huu niliifanya kwenye daftari la madeni. Kuanzia tarehe 22 Oktoba 2024 hadi 13 Aprili 2025 ni siku 174. Gawanya kwa 82: mchezo mmoja kila siku mbili na kidogo, pamoja na ndege, hoteli, na usiku kumi na kitu ambapo timu inacheza leo na kesho bila kupumua. Katika mchujo wa 2025 kano ya kisigino iliwakatikia Damian Lillard, Jayson Tatum na Tyrese Haliburton, mchujo mmoja, watu watatu, wote wakivaa namba 0 mgongoni. Papa Fundi anasema ni namba hiyo. Mimi sisemi ni urefu wa msimu, si daktari. Nasema tu kwamba nilipomwona Haliburton amelala akipiga sakafu kwa kiganja, robo ya kwanza ya mchezo wa saba wa fainali, mchezo niliokuwa nimeusubiri tangu mvua ya kwanza, nilizima sauti na nikakaa kimya muda mrefu.

Dawa yangu ni namba moja: 58. Wapinzani ni 29. Kila mmoja unamkuta nyumbani mara moja na ugenini mara moja, kama watu wenye adabu wanaotembeleana. Rudi kwenye daftari: siku 174 kwa 58 ni tatu kamili, haibaki hata sekunde. Mchezo mmoja kila siku ya tatu. Usiku wa kucheza leo na kesho unakwisha wenyewe, na kocha anayemweka nyota benchi anabaki bila kisingizio; hapo sasa mtoze faini inayouma. Lakers wa Los Angeles wakija Denver, ni mara moja kwa mwaka. Mtu wa Denver atanunua tiketi, na mimi nitachemsha chai.

Najua jibu la wenye mali, na kwa kuwa mimi pia nina mali, ndogo, sitalidharau. Michezo ya nyumbani ingeshuka kutoka 41 hadi 29. Usiku 12 bila tiketi, bila maegesho, bila bia. Mkataba mpya wa televisheni, wa miaka 11 na dola bilioni 76, na Disney, NBCUniversal na Amazon, umeanza msimu wa 2025–26, na hakuna anayelipa pesa hiyo ili apewe saa chache zaidi za kujaza. Wachezaji nao wanagawana mapato na wenye timu karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo kila mchezo unaofutwa unafuta na mshahara. Pande mbili zinazogombana kila siku zimekubaliana jambo moja tu: kitambaa kisikatwe. Sokoni kwetu pia iko hivyo. Ukiwaona muuzaji na mshonaji wanapatana haraka, mteja ashike mkoba wake.

Lakini wamewahi kukata. Msimu wa 1998–99, baada ya mgogoro wa mikataba, ulikuwa wa michezo 50. Wa 2011–12 ulikuwa wa 66. Wa 2020–21, kwa ajili ya korona, 72, na pete za ubingwa za Milwaukee za mwaka ule hazina upungufu wowote. Kukata kwa kulazimishwa wameweza. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilipunguza aina za vitenge dukani kutoka arobaini na kitu hadi kumi na nane, kwa sababu mzigo ulikwama njiani na sikuwa na la kufanya. Miezi mitatu nililia. Mwezi wa nne nikagundua wateja hawakai tena wakishikashika kila kitu na kuondoka mikono mitupu. Sikurudi arobaini. Kweli, mimi sina mkataba wa bilioni 76.

Kuna njia nyingine ya mkasi aliyoitaja Adam Silver, mkuu wa ligi, Januari 2025: robo za dakika 10 badala ya 12, mchezo uwe wa dakika 40 kama kwingineko duniani. Mtoto wangu anaipenda. Mimi naona ni kukata pisi kutoka upande usiofaa. Ukipunguza dakika lakini ukaacha michezo 82, bado ni ndege zilezile, hoteli zilezile, usiku uleule wa leo na kesho. Umeuza kitenge cha yadi tano kwa jina la yadi sita. Kama ni dakika, waanze na zile zisizochezwa. Kila kocha wa NBA ana mapumziko saba ya kuita. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la baskete la dunia, ni matano. Dakika mbili za mwisho za mchezo mkali zinaweza kunifanya niende kuchemsha maji, nirudi, na saa ya uwanjani imesogea sekunde tisa. Waondoe mawili kwa kila kocha. Kambo hulala hapo kila mara, na ndipo wengine wanaposema mchezo umenoga.

Sasa turudi kwenye kutafuta kupigwa, maana hii ni aibu kubwa kuliko ya kupumzisha nyota, na ligi inaijua. Utah walimaliza msimu huu na ushindi 17, vipigo 65, wa mwisho kati ya 30. Washington 18, Charlotte 19. Kwa nini mtu akubali kupigwa mara 65? Kwa sababu ya tombola. Tangu 1985 timu zisizoingia mchujo zinachezeshwa bahati nasibu, na tangu 1990 walioshindwa zaidi wana nafasi nzuri zaidi ya kumchagua kijana bora. Mwaka 2019 wakapunguza ukali: watatu wa mwisho wote wapewe asilimia 14 sawasawa. Na Mei 2025 ikatokea kichekesho: Dallas, walewale wa usiku wangu wa tangawizi, ambao Februari walikuwa wamempeleka Dončić Los Angeles, walishinda tombola wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, wakamchukua Cooper Flagg. Utah wenye vipigo 65 wakaangukia chaguo la tano. Washington la sita. Yaani mashabiki wa Utah walilipia miezi sita ya matope, na mwisho wa barabara hakukuwa na hata kisima.

Papa Fundi ana dawa ya mpira wa miguu: wa mwisho ashuke daraja. Hapa Lubumbashi kila mtu anaelewa hofu hiyo. Ukienda Kamalondo siku ya Mazembe hakuna mtu anayekuambia kupoteza kuna faida. Nampenda Papa Fundi lakini haiwezekani. Boston Celtics iliuzwa mwaka 2025 kwa thamani ya dola bilioni 6.1. Mtu hanunui nyumba ya bilioni sita katika mtaa ambapo kila Aprili wapangaji watatu wanatupwa nje. Na huko chini hakuna daraja la pili lenye mashabiki na viwanja vya kuwapokea.

Kulikuwa na wazo la gurudumu, la Mike Zarren wa Boston, lililojulikana 2013: machaguo 30 yazungushwe kwa miaka 30, kila timu ijue zamu yake, ipigwe isipigwe. Safi kwa hesabu, lakini timu dhaifu inaweza kukaa miaka ikingoja zamu kama mtu aliyeingia likelemba, upatu wa kuchangiana kwa zamu, la watu 30 na yeye ndiye wa mwisho; kila mama wa soko anajua mchezo huo unavunjika kabla haujafika kwake. Ninalolipenda ni lile ambalo ligi ya hoki ya wanawake ya Amerika Kaskazini, iliyoanza 2024, inalitumia tayari. Siku timu inapotolewa rasmi kwenye mbio za mchujo, kuanzia hapo inaanza kukusanya pointi zake upya, na mwenye nyingi ndiye anachagua kwanza. Timu mbaya zaidi hutolewa mapema zaidi, kwa hiyo ina michezo mingi zaidi ya kukusanya. Unyonge wake umeheshimiwa. Lakini lazima ishinde. Nilimweleza kambo kwa mfano wa watoto wanaookota maembe, wa mwisho kufika akaruhusiwa kubaki uwanjani muda mrefu zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akauliza kwa nini hawakufanya hivyo tangu zamani. Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima.

Mambo madogo nitayapita mbio. Mgawanyo wa Mashariki na Magharibi kwenye mchujo umechakaa: mwaka 2025 Miami, ushindi 37 na vipigo 45, wa kumi Mashariki, walipenya kwa mchujo mdogo, Cleveland wakawamaliza nne kwa sifuri, mchezo wa mwisho kwa tofauti ya pointi 55. Waingie 16 bora bila kuuliza jua linachomoza wapi. Kuhusu mitupo ya pointi tatu, ambayo Papa Fundi anataka ipigwe marufuku, nampinga: mstari uliletwa 1979 na umewapa watu wafupi kazi, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini pembeni mstari uko mita 6.70 na mbele ni 7.24, hapo mtu anajificha kwenye kona msimu mzima kama mlinzi wa ghala. Uwanja upanuliwe kidogo, kona zipate umbali uleule. Hapo nimemaliza.

La kombe la katikati ya msimu silipiti mbio. Lilianza 2023, Lakers wakalichukua, na kila mchezaji wa bingwa akapewa dola 500,000. Wengine walilicheka kwa ajili ya viwanja vyake vya rangi kali. Mimi nililitazama kwa jicho lingine. Novemba, mwezi ambao kwa kawaida wachezaji wanatembea, niliona watu wenye mamilioni wakijirusha sakafuni kutafuta mpira. Kwa matabishi, bakshishi tu! Michezo ileile, timu zilezile, ila ghafla ina uzito. Ligi yenyewe imetoa ushahidi kwamba ikitaka mchezo wa kawaida uwe na maana inajua jinsi ya kufanya, na kwamba bila hivyo hauna.

Uzito tunaujua hapa. BAL, ligi ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, ina timu 12, na mwaka 2022 timu yetu ya Espoir Fukash ilikwenda Cairo kwenye kundi la timu sita. Michezo mitano. Mitano tu, na nne bora wanasonga mbele. Sokoni siku zile nilisikia watu ambao hawajawahi kushika mpira wa kikapu wakiuliza, “Leo Fukash wanacheza?” Hakuna aliyepumzishwa, hakuna aliyetafuta kupigwa, kwani hapakuwa na nafasi ya kupoteza hata usiku mmoja. Sisemi NBA icheze michezo mitano. Mimi mwenyewe ningeandamana. Nasema nilitazama mitano yote, moja kwa moja, bila kubonyeza kitufe cha kufupisha.

Na bado, nikikinyanyua kitambaa hiki kwenye mwanga, kuna yadi ambazo sijaona mfano wake popote. Fainali ya Oklahoma City na Indiana ilikwenda hadi mchezo wa saba, usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni, na hata baada ya Haliburton kuanguka, Indiana waliobaki walipigana mpaka 103 kwa 91. Vijana wetu wanafika huko: Biyombo alichaguliwa wa saba mwaka 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa wa saba 2015, Jonathan Kuminga wa Goma wa saba 2021. Kinshasa, Goma na Lubumbashi, zote namba saba. Kwa hiyo Utah wangetuuliza sisi, tungewaambia hakuna haja ya kupigwa mara 65. Ya saba inatosha.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu kwa msimu wa kawaida, tano kwa mchujo, na kambo ameondoa kidogo kwa ajili ya Dallas, hajawasamehe.

Oktoba mtoto alikuja na simu mkononi: “Mama, tunalipa tena mwaka mzima?” Nikamwambia alipie mwezi mmoja kwanza. Wateja wangu wasioniamini hufanya hivyo: hukata yadi mbili, wanakwenda nazo nyumbani, wanazifua, wanazianika, halafu wanaangalia maji ya beseni yamebadilika rangi kiasi gani.